Mwanafunzi wa kigeni Marekani: jimbo linakuhesabu mkazi au mgeni? (mambo ya kodi)

Leo naweka hapa kitu kirefu kidogo, mwenye chai achemshe kabisa. Ni mambo ya kodi ya majimbo kwa ndugu zetu wanaosoma Marekani. Najua neno kodi linachosha, lakini lilivyomkuta dada yangu ndiyo limenifanya nikeshe nasoma maelekezo ya fomu za watu.

Iko hivi. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alienda New York Agosti 2022 kusoma shahada ya pili. Akapanga Brooklyn pamoja na binti mmoja wa Kikenya aliyekuwa anasoma shahada ya kwanza. Chuo kimoja, kazi moja ya maktaba ya chuo, mishahara inakaribiana, jiko moja, bili ya umeme wanagawana. Ulipofika msimu wa kujaza ritani za mwaka 2023 wakapelekana kwa jamaa mmoja anayejazia watu fomu sebuleni kwake. Jamaa akawaandika wote wawili kwamba si wakazi wa New York. Wote wakarudishiwa kodi ya jiji waliyokuwa wamekatwa kwenye mshahara. Furaha tele, wali na kuku siku hiyo.

Baada ya muda barua ikaja, ya dada peke yake. Rudisha dola mia nne na ushee, na riba juu. Yule Mkenya hakuandikiwa kitu na hakukosea kitu. Sasa mtu unajiuliza, nyumba moja, kazi moja, viza moja ya F-1, inakuwaje mmoja ni mkazi na mwingine si mkazi?

Dada akanipigia. "Mdogo wangu, wewe si unashinda kwenye mtandao kutwa, hebu nitazamie hii kitu." Nikatazama. Nitakachoandika hapa ndicho nilichokikuta. Mimi si mhasibu wala mwanasheria, shule nimeishia fomu sita, kwa hiyo mwenye kesi kubwa aende kwa mtaalamu. Lakini mambo mengi haya yameandikwa wazi kabisa kwenye vijitabu vya maelekezo vya mamlaka za kodi zenyewe, tatizo ni kwamba hakuna anayesoma.

NENO MOJA, MASWALI MANNE

Kinachowachanganya watu ni neno "mkazi". Marekani neno hilo moja linatumika sehemu nne tofauti, na jibu la sehemu moja haliamui jibu la sehemu nyingine.

Kuna mkazi wa uhamiaji, yaani mwenye grini kadi. Mwenye F-1 au J-1 siyo, hapo hakuna mjadala. Kuna mkazi wa kodi kwa serikali kuu, hawa ni IRS. Kuna mkazi wa kodi wa jimbo. Halafu kuna mkazi wa ada, yule anayelipa ada nafuu ya wenyeji kwenye vyuo vya serikali ya jimbo. Hii ya mwisho ndiyo watu wanaikimbilia sana. Mtu akisikia jimbo limemhesabu mkazi wa kodi anakimbia ofisi ya chuo kudai ada ya wenyeji. Pole sana ndugu, kwa kawaida mwenye F-1 hapati ada hiyo hata kama amelipa kodi ya jimbo miaka minne mfululizo. Kodi watachukua, ada itabaki pale pale. Mimi naona si haki lakini ndivyo ilivyo.

IRS KWANZA, HARAKA HARAKA

Lazima tupite hapa kidogo kwa sababu fomu ya jimbo inajazwa baada ya ile ya serikali kuu, na majimbo mengi yanaanza hesabu yao na namba iliyotoka kule.

Mgeni wa kawaida akikaa Marekani siku nyingi anageuka mkazi wa kodi. Hesabu yao: siku 31 au zaidi mwaka huu, halafu unachukua siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana, na sehemu moja ya sita ya siku za mwaka juzi. Ikifika 183 wewe ni mkazi. Lakini mwanafunzi wa F-1 na J-1 amesamehewa kuhesabiwa siku kwa miaka mitano ya kalenda. Tia alama hapo kwenye KALENDA. Ukiingia tarehe 28 Desemba, zile siku nne zimeshakula mwaka mzima. Kwa hiyo dada aliyeingia Agosti 2022, miaka yake ni 2022, 2023, 2024, 2025 na 2026. Kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ndipo siku zinaanza kuhesabiwa, na kama bado yuko kule, tarehe 2 Julai 2027 anatimiza 183.

Katika miaka hiyo mitano fomu yake ni 1040-NR, siyo 1040. Pamoja nayo fomu 8843, ambayo ndiyo inasema "mimi ni mwanafunzi, msinihesabie siku". Hiyo 8843 anajaza kila mmoja, hata asiye na senti tano ya kipato. Na katika miaka hiyo hatakiwi kukatwa michango ya Social Security (asilimia 6.2) na Medicare (asilimia 1.45), hata akiwa kwenye kazi za mafunzo baada ya kuhitimu zile wanaziita OPT, ilimradi kazi yenyewe inaruhusiwa na viza yake. Waajiri wengi wa nje ya chuo hawajui hili, wanakata tu kama NSSF ya kwetu. Ukiona visanduku vya 4 na 6 kwenye W-2 yako vina namba, mfuate mwajiri akurudishie. Akikataa, kuna fomu 843 na 8316 za kudai IRS moja kwa moja.

Basi, IRS tuiache hapo.

SASA JIMBO

Majimbo yanayotoza kodi ya mapato mengi yana milango miwili ya kukuita mkazi.

Mlango wa kwanza ni maskani, yaani kwenu ni wapi hasa, mahali unapokusudia kurudi hata ukitembea dunia nzima. Mtu ana maskani moja tu kwa wakati mmoja, na haibadiliki mpaka uhame kweli na uwe na nia ya kubaki uendako. Mwanafunzi wa F-1 hapa ana hoja nzuri, kwa sababu sheria ya uhamiaji yenyewe inataka mwenye viza hiyo awe na makazi nchi ya nje ambayo hana nia ya kuyaacha. Kwa hiyo maskani yako bado ni Mwanza, Kisumu au Bukavu, siyo Brooklyn. Watu wengi wanaishia hapa, wanasema "mimi kwetu Tanzania, basi si mkazi". Yule jamaa wa sebuleni naye aliishia hapa hapa.

Mlango wa pili ndio uliomnasa dada. Jimbo linasema: sawa, maskani yako ni kwenu, hatubishi, lakini kama una nyumba ya kudumu ya kuishi hapa kwetu NA umekaa hapa siku nyingi, kwa mambo ya kodi wewe ni mkazi. Nyumba ya kudumu haina maana ya nyumba uliyonunua. Apatimenti ya kupanga inatosha, hata kama mnagawana. Na siku, majimbo mengi yanacheza kwenye 183 au 184, yaani nusu mwaka. Na siku hapa ni siku ya kukanyaga, sehemu ya siku inahesabika nzima kwa kawaida. Ule msamaha wa miaka mitano wa IRS haupo kwenye mlango huu. Jimbo halikuulizi una 8843 au huna.

Kwa hiyo inawezekana kabisa, na ni halali, mtu huyo huyo mwaka huo huo akajaza 1040-NR kwa serikali kuu (si mkazi) na fomu ya wakazi kwa jimbo. Zikiwekwa pamoja mezani zinaonekana kama zinapingana, lakini kila moja imejibu swali lake.

BROOKLYN

New York wanataka vitu viwili: nyumba ya kudumu na siku 184 au zaidi ndani ya jimbo. Kuanzia mwaka wa kodi 2022 nyumba yenyewe lazima uwe nayo zaidi ya miezi kumi ya mwaka huo. Zamani walikuwa wanahesabu zaidi ya miezi kumi na moja.

Halafu wakaweka kifungu kimoja ambacho ndicho jibu la kitendawili chetu. Makazi ya mwanafunzi wa muda wote anayesoma SHAHADA YA KWANZA, anayokaa wakati anasoma, hayahesabiwi kuwa nyumba ya kudumu kwake. Iwe bweni, iwe apatimenti ya mtaani. Shahada ya kwanza tu. Ukienda shahada ya pili au ya tatu kifungu hicho hakikuhusu.

Basi turudi kwenye ile apatimenti. Chumba hiki analala binti wa Kikenya, shahada ya kwanza, mbele ya sheria ni kama hana nyumba New York. Chumba cha pili analala dada yangu, shahada ya pili, ana nyumba ya kudumu. Ukuta wa jipsamu ndio unawatenganisha.

Na ukiwa mkazi ndani ya jiji la New York kuna kodi ya jiji juu ya ile ya jimbo, inaanza asilimia 3.078 na kupanda hadi 3.876. Asiye mkazi wa jiji halipi kabisa kodi hiyo ya mapato, hata kama anafanya kazi katikati ya Manhattan. Ndiyo maana ile dola mia nne na ushee ilirudi kwa wote wawili, na ikadaiwa kwa mmoja.

Nikamwambia dada tupige hesabu ya miaka yote isije ikaja barua nyingine. Mwaka 2022 alikuwa na chumba miezi mitano tu, hakufikisha miezi kumi, si mkazi. Mwaka 2023 miezi kumi na miwili, siku zote yuko pale, mkazi. Mwaka 2024 akamaliza chuo, Julai akahamia Texas kuanza kazi. Siku alizokaa New York mwaka huo zilizidi 184, lakini nyumba aliiacha kabla ya miezi kumi, si mkazi. Miaka mitatu, majibu mawili tofauti, na maskani yake muda wote ni Mwanza. Fomu ya mkazi kule inaitwa IT-201, ya asiye mkazi ni IT-203. Kwa hiyo usikariri kwamba "mwaka jana nilijaza ile", kila Januari unaanza swali upya.

MAJIMBO MENGINE

Siwezi kupita yote hamsini, nagusa yale ambayo Waswahili tuko wengi au ambayo yana vituko.

Maryland. Pale Silver Spring na Langley Park Kiswahili unakisikia mpaka dukani. Kule ukiwa na mahali pa kuishi zaidi ya miezi sita ya mwaka, na ukawepo siku 183 au zaidi, wewe ni mkazi na unajaza fomu 502. Mkazi analipa na kodi ya kaunti, ambayo kuanzia 2025 ni kati ya asilimia 2.25 na 3.30 kutegemea kaunti. Asiye mkazi hajakwepa, naye ana tozo yake maalum ya asilimia 2.25 badala ya ya kaunti. Jambo zuri la kule ni makubaliano na majirani: ukikaa Maryland ukafanya kazi Virginia, Pennsylvania, West Virginia au Washington DC, mshahara wako unatozwa kodi ya mapato na Maryland tu. Sema umpe mwajiri fomu sahihi mapema, la sivyo atakatia jimbo la kazini na wewe utahangaika kudai.

Massachusetts nao ni nyumba ya kudumu pamoja na zaidi ya siku 183. Kipato kikizidi dola 8,000 lazima ujaze. Asilimia ni 5 kwa mshahara wa kawaida. Kitu ambacho wanafunzi wengi wanakiacha mezani kule ni punguzo la pango: nusu ya pango ulilolipa inatolewa kwenye kipato, mwisho dola 4,000 kuanzia mwaka wa kodi 2023. Tuseme una kipato cha dola 20,000, toa 4,400 ya mtu mmoja, toa 4,000 ya pango, inabaki 11,600, asilimia tano ni dola 580. Bila kuandika pango ingekuwa 780. Dola mia mbili hiyo, ni viatu vya baridi hivyo. Tunza risiti au mkataba wa pango.

California wana staili yao. Hawana siku 183. Wanauliza umekuja kwa shughuli ya kupita au ya kubaki, na ukikaa zaidi ya miezi tisa wanaanza na dhana kwamba ni mkazi, wewe ndiye uwaonyeshe vinginevyo. Lakini wamesema pia kwamba mtu aliyekuja kusoma hawi mkazi moja kwa moja kwa sababu ya kusoma tu. Kwa hiyo hapo wanatazama mambo yako yote: familia iko wapi, leseni ya udereva ya wapi, baada ya chuo unaenda wapi. Asiye mkazi anajaza 540NR.

Pennsylvania asilimia ni 3.07 kwa kila mtu, hakuna lile punguzo la kuanzia ambalo wengine wanatoa, na kipato kikizidi dola 33 unatakiwa kujaza. Ndiyo, thelathini na tatu, sikukosea kuandika. Watu wenye kipato kidogo wana mpango wa kusamehewa kodi yenyewe, lakini fomu unajaza. Na ukiwa Philadelphia kuna kodi ya mshahara ya jiji inayozidi asilimia 3, hiyo inakatwa juu kwa juu.

Halafu yapo majimbo tisa ambayo hayatozi kodi kwenye mshahara kabisa: Texas, Florida, Tennessee, Nevada, Washington, Wyoming, South Dakota, Alaska na New Hampshire. Wadau wa Dallas na Houston nawaona mnacheka. Ngojeni.

MWANAFUNZI WA TEXAS ALIYEENDA CALIFORNIA MIEZI MITATU

Hapa ndipo wengi wanajikwaa. Kijana anasoma Dallas, hajawahi kuona fomu ya jimbo. Majira ya joto anapata kazi ya mafunzo San Francisco, wiki kumi na mbili, mshahara mnono. Anarudi Dallas, anajaza 1040-NR, analala. Lakini kwenye W-2 kisanduku cha 15 kimeandikwa CA. Kazi iliyofanyika ndani ya California inatozwa na California, haijalishi unalala wapi miezi tisa iliyobaki. Anatakiwa ajaze 540NR. Mara nyingine ni faida kwake, maana mwajiri huwa amekata zaidi ya kinachotakiwa, na asipojaza hela inabaki kwao.

Na ukiwa mkazi wa jimbo linalotoza, halafu ukafanya kazi jimbo lingine linalotoza, unajaza mawili. La kazini kama asiye mkazi, la nyumbani kama mkazi, halafu la nyumbani kwa kawaida linakupa nafuu kwa kodi uliyolipa kule ili usilipe mara mbili kwa shilingi ile ile.

KUSOMA W-2

Karatasi hii mwajiri anatoa mwisho wa Januari. Kisanduku 1 ni mshahara kwa hesabu ya serikali kuu, 2 ni kodi iliyokatwa na serikali kuu. Visanduku 15, 16 na 17 ni jimbo: jina la jimbo, mshahara wa jimbo, kodi ya jimbo iliyokatwa. 18, 19 na 20 ni jiji au kaunti. Ukiona majimbo mawili kwenye 15, jua una fomu mbili. Ukiona jimbo ambalo hukufanya kazi wala kuishi, rudi kwa mwajiri haraka arekebishe.

Siri ndogo ambayo jamaa wa sebuleni hakumwambia dada: hiyo kodi ya kisanduku 17 na 19 unaweza kuitoa kwenye kipato cha 1040-NR. Asiye mkazi wa serikali kuu kwa kawaida hapewi lile punguzo la jumla ambalo Wamarekani wanapata (Wahindi wanafunzi wanalo kwa mkataba wao), kwa hiyo hii ni moja ya chache tulizonazo. Ila mwaka unaofuata jimbo likikurudishia sehemu ya kodi hiyo, watakutumia karatasi 1099-G, nayo inaingia kwenye hesabu kama kipato. Usishangae.

MKATABA? SISI HATUNA

Utasikia mwenzako Mchina anasema dola 5,000 za kwanza hazitozwi. Ni kweli, kwao kuna mkataba wa kodi na Marekani. Barani Afrika nchi zenye mkataba wa namna hiyo ni Misri, Morocco, Tunisia na Afrika Kusini. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo. Mtu akikujazia fomu akakuandikia msamaha wa mkataba wakati una pasipoti ya Tanzania, amekuandikia uongo na sahihi ni yako. Na hata hao wenye mkataba, California na Pennsylvania hawautambui kwenye kodi yao.

HELA ZIPI NI KIPATO

Ada anayotuma baba si kipato. Hela ya matumizi kutoka kwa shangazi siyo pia. Ufadhili wa masomo unaolipia ada na vitabu kwa mtu anayesomea shahada hautozwi, lakini ule wa chumba na chakula unatozwa na huwa unakuja kwenye karatasi ya 1042-S, mara nyingi umekatwa asilimia 14 tayari. Hii 1042-S watu wanaitupa wakidhani ni tangazo. Ufadhili unaolipwa na serikali ya nyumbani kwa kawaida hauhesabiwi kuwa umetoka Marekani, kwa hiyo asiye mkazi hatozwi na serikali kuu.

Vipi nyumba ya kupangisha Kinondoni aliyokuachia mzee? Katika ile miaka mitano haiingii kwenye 1040-NR, na majimbo mengi yanayoanza na namba ya serikali kuu hayataiona. Siku ukigeuka mkazi wa IRS mambo yanabadilika, unatakiwa kutaja kipato cha dunia nzima, na jimbo nalo litakiona. Mwaka wa sita usiingie usingizini.

ILE 1040 YA HARAKA

Programu maarufu za kujazia ritani zimetengenezwa kwa ajili ya wakazi. TurboTax yenyewe haijazi 1040-NR. Vyuo vingi vinalipia Sprintax au Glacier kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, muulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujatoa hela yako. Mwanafunzi akijaza 1040 kama mkazi, programu inampa nafuu ambazo si zake, kama ile ya elimu inayofika dola 2,500, na jimbo linanakili kosa hilo hilo. Hela inaingia, anashukuru Mungu. Mwaka 2020 na 2021 wako wanafunzi wa F-1 waliopata hata zile cheki za corona, 1,200 na baadaye 1,400, kwa njia hii hii, wakati asiye mkazi wa kodi hakustahili.

Tatizo linakuja miaka mitano mbele, mtu anaomba grini kadi na wakili anataka ritani zote. Pale ndipo unaonekana uliwahi kusaini kwamba wewe ni mkazi wakati viza inasema mwanafunzi. Dawa yake ni kurekebisha mwenyewe kabla ya kuulizwa: fomu 1040-X ukiambatanisha 1040-NR sahihi, halafu fomu ya marekebisho ya kila jimbo lililoguswa, na kurudisha hela. Inauma, lakini barua unayoandika wewe ni rahisi kuliko barua wanayokuandikia wao.

TAREHE

Mwenye mshahara, serikali kuu ni tarehe 15 Aprili. Mwenye 8843 peke yake bila kipato ni 15 Juni. Majimbo mengi yanafuata 15 Aprili, Virginia wao ni 1 Mei. Kuongezewa muda wa kujaza siyo kuongezewa muda wa kulipa, riba inaanza pale pale. Kudai hela yako kwa IRS una miaka mitatu, New York vile vile mitatu, California minne. Na siku ya kwanza kazini ukipewa W-4, uliza na ya jimbo (New York ni IT-2104, Maryland MW507), maana vurugu nyingi za Aprili zinaanzia kwenye karatasi hiyo ambayo watu wanaijaza wamesimama kaunta.

Dada alilipa ile ya 2023 kwa awamu, akabakiwa na risiti. Ya 2024 alijaza IT-203 mwenyewe, mimi niko kwenye simu nasoma mstari kwa mstari saa nane usiku ya Dar, na hii haikuleta barua. W-2 yake ya 2025 kutoka Texas kisanduku cha 15 kiko kitupu. Ila visanduku 4 na 6 mwajiri ameshakata, kwa hiyo sasa tuko kwenye fomu 843. Wadau wa Minnesota, Ohio na Georgia ambao mmeshapitia ya huko, wekeni hapo chini ilivyokuwa, jina la jimbo na mwaka tafadhali ili wengine wasichanganye.